Jeki Hakulishwa Sumu

Mama amegombana tena na mbwa wetu, jina lake Watasema. Safari hii ugomvi ni wa tuta la mchicha. Watasema hufunguliwa saa kumi na mbili jioni, Mama akiwa ndiyo kwanza amemaliza kumwagilia, na badala ya kwenda kukagua uzio kama mbwa wa watu anavuka moja kwa moja hadi kwenye tuta, anafukua shimo la ukubwa wake, analala humo tumbo likiwa limegusa udongo mbichi. Miguu ya nyuma kaitawanya kama chura. Asubuhi mchicha umelala chali.

Zamani ningemsaidia Mama kutukana. Siku hizi nanyamaza, maana yule mbwa anajua jambo ambalo nyumba yetu ilichukua zaidi ya miaka 20 kulijua.

(Jina lake, kwa wanaouliza, ni la shangazi. Hapa kwetu mbwa ni barua kwa majirani: ukipita mtaani jioni utasikia watu wakiita Hayakuhusu, Simjui, Tutaonana. Shangazi alikuwa na lake moyoni mwaka ule, akatuletea kitoto cha mbwa na jina likiwa tayari.)

Kabla ya Watasema kulikuwa na Jeki. Nilikuwa darasa la sita. Mama yake Jeki alikuwa mbwa wa kienyeji, mwembamba, masikio wima. Baba yake alikuwa jamani shepadi. Jeki akatoka na umbo la baba na manyoya mazito shingoni kama joho la mhitimu. Tulijivuna naye sana. Isevya nzima, kwetu Tabora, hapakuwa na mbwa kama yule, na hata watu wenye shughuli zao walikuwa wakisimama kumtazama kupitia matundu ya uzio.

Baba aliita fundi wa kuchomelea. Banda lilikuwa la kudumu: sakafu ya zege, fremu ya chuma, mabati pande tatu na juu, mlango wa nondo wenye komeo. Mabati yalikuwa yale yaliyobaki tulipoezeka nyumba, basi hesabu ilikuwa nzuri. Likawekwa nyuma ya jiko, limeegemea ukuta.

Mfugaji yeyote wa mbwa wa ulinzi anaujua utaratibu. Alfajiri anafungiwa, magharibi anafunguliwa. Watu husema mbwa akizoea sura za watu mchana hatakuwa mkali usiku, na sijui kama hilo ni kweli, ila kuna sababu nyingine ambazo ni za kweli kabisa. Watoto wanapita kwenda kuchota maji. Wageni wanaingia bila hodi ya maana. Na nusu ya majirani zetu ni Waislamu. Mate ya mbwa yakimgusa mtu anayekwenda kuswali, ni kazi ya kujitoharisha upya na kubadili nguo, na si uungwana kumpa jirani kazi hiyo mara tano kwa siku. Kwa hiyo anayeniambia "mwachie tu mbwa azunguke atafute kivuli mwenyewe" hajawahi kuishi uswahilini. Mchumia juani hulia kivulini, lakini mbwa wetu alichuma usiku, na ujira wake mchana ukawa jua.

Siku moja ya Oktoba nilirudi shule saa nane. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea Jeki maji. Nilishika komeo nikaliachia hapo hapo. Vidole viwili viliniuma hadi kesho yake. Nikafungua kwa ncha ya sketi. Jeki alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, povu limekauka kwenye midomo. Alikuwa ametapika. Nyuma yake kulikuwa na kinyesi chenye damu. Sufuria yake ya maji ilikuwa imepinduka na zege limekauka, kama vile hapakuwahi kumwagika kitu.

Baba alirudi, akachuchumaa, akatazama lile povu na ile damu. Akasema, "Wamemlisha sumu."

Hakuna aliyebisha. Wezi wanalisha mbwa sumu, kila mtu anajua, wanachovya nyama wanatupa juu ya ukuta, halafu baada ya siku mbili wanakuja. Baba alikesha wiki tatu na panga mlangoni. Wezi hawakuja. Badala ya kujiuliza kwa nini hawakuja, alimpata mtu wa kumshuku: kijana wa nyumba ya tatu aliyekuwa akipita nyuma ya jiko letu kwenda kwa fundi baiskeli. Yakasemwa maneno, wazee wakakaa, kijana akaapa. Baba yangu amekufa akiamini vile. Na sisi na nyumba ile tumeishi miaka yote tukisalimiana kwa kidevu.

Nimelifikiria sana lile banda, na nililolielewa mwishoni si kosa la uzembe. Baba hakuwa mzembe. Tatizo ni kwamba alilijenga mwezi wa Juni.

Tabora tuko nyuzi kama 5 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua limekwenda kaskazini, na saa sita mchana ukuta unaoelekea kusini unakuwa na kivuli chake chini, hatua moja na nusu hivi kwa ukuta wa jiko la kawaida. Jiko letu limekaa hivyo. Nyuma yake, Juni na Julai, ni mahali pa ubaridi hasa. Asubuhi nyingine mbwa anatetemeka. Baba alisimama pale saa saba ya mchana wa Juni akaona kivuli, akasema hapa. Halafu jua likaanza kurudi. Siku za mwanzo za Oktoba linapita utosini kabisa, na saa sita ukuta hauna kivuli upande wowote. Baada ya hapo linavuka kusini na kukaa huko hadi Machi, likilimulika lile banda uso kwa uso. Na Oktoba ndiyo mwezi wetu mbaya: mvua bado, vumbi, kipimajoto kivulini kinapita 30 kila mchana. Ndani ya boksi la mabati juani ni habari nyingine, na juu ya zege ambalo limekuwa likinywa joto tangu asubuhi.

Ndiyo maana mawaidha mengi ya mtandaoni kuhusu mbwa na joto yalinipita. Yameandikwa na watu ambao joto lao ni Julai. Nilikuwa nikiyasoma Watasema amejikunja kwa baridi, pua chini ya mkia. Yakifika Oktoba yameshafukiwa na picha za majani ya njano. Tena wanashauri feni, kiyoyozi, bwawa la plastiki. Shida yangu mimi ilikuwa bati.

Sasa niseme la Watasema, maana ndiye aliyenifungua macho, na karibu alipie.

Ni miaka mitatu iliyopita, Oktoba, Jumamosi. Tulikuwa na harusi Urambo. Banda lilikuwa lile lile la Jeki. Tulikuwa tumelipaka rangi ya bluu, basi, tukaona ni jipya. Mbwa akafungiwa saa kumi na moja alfajiri, akawekewa maji, tukaondoka. Gari likatuharibikia njiani wakati wa kurudi, na tulipofungua geti adhana ya alasiri ilikuwa inaisha.

Nilimsikia kabla sijamwona. Mbwa aliyetulia huvuta pumzi mara 10 hadi 30 kwa dakika. Huyu alikuwa anatweta kama cherehani, mfululizo, mlio mkavu. Fizi zilikuwa nyekundu kama tomato iliyoiva, mate mazito yananing'inia kama uzi wa asali. Kaka alipomfungua alitoka, akapiga hatua tatu, miguu ya nyuma ikapishana, akaanguka, akainuka, akaenda upande asiokusudia.

Geti lilikuwa bado wazi. Kwa kufumba na kufumbua kulikuwa na watu, na mmoja akapaza sauti: "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" Kijana mmoja akawa tayari na mpini wa jembe.

Siwalaumu. Mbwa anatoka mate, anayumba, hamtambui mwenyewe. Hiyo ndiyo picha ya kichaa cha mbwa tuliyofundishwa tangu utotoni, na kichaa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Mbwa usiyemjua akiwa katika hali ile, kaa mbali naye, funga watoto ndani, ita watu wa mifugo. Na akikung'ata osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Lakini kichaa hakiletwi na jua. Ni kirusi, kinapita kwa mate ya mnyama mgonjwa, zaidi kwa kung'atwa. Huyu wetu alikuwa amefungiwa peke yake ndani ya bati tangu alfajiri, na kadi yake ya chanjo ilikuwa kwenye droo. Tunamchanja kila mwaka mwishoni mwa Septemba, maana tarehe 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na ndiyo tarehe inayonikumbusha. Niliingia ndani mbio nikatoka na ile kadi nimeinyanyua juu kama refa.

Haikusaidia sana. Aliyesaidia ni mzee wa nyumba ya pili, mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kumgusa mbwa hata kwa fimbo. Alikuwa anakwenda msikitini. Akasimama getini, akamtazama Watasema, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ana kiu. Mpeni maji." Kisha akawaambia vijana kile kisa wanachokijua wote tangu madrasa, cha mtu aliyeshuka kisimani kunywa, akapanda, akamkuta mbwa anahema na kulamba tope kwa kiu, akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno ili apate mikono ya kupandia, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. "Kwa meno," mzee alirudia. "Na wewe umeshika mpini." Kijana akashusha mpini. Mzee akaenda kuswali.

Mimi nilikuwa nimeshampigia daktari wa mifugo. Nikamwambia tunatafuta bajaji tumlete. "Dada, usimlete," akasema. "Sikiliza. Mmwagie maji kwanza. Mwili mzima, tumboni, mapajani, shingoni, bila kuacha. Mtu mwingine ampepee. Akianza kutulia ndiyo mlete." Tulikuwa na diaba la maji ya kufulia. Kaka akataka kukimbilia dukani kwa barafu. Daktari akasikia, akasema maji ya pipa yanatosha, huo muda wa kwenda dukani ndio unaoua. Mama akamfunika kwa kanga iliyolowa, kwa huruma tu. Daktari akasema itoe: kanga ikilala mwilini inapata moto ule ule na kuufungia ndani. Maji yatiririke, upepo upite. Na tusimmiminie mdomoni, atapaliwa. Tumwekee karibu, akitaka atakunywa.

Tulimmwagia ndoo tisa. Mama alimpepea kwa ungo. Kwenye ndoo ya saba alinyanyua kichwa akaulamba ule ungo.

Kliniki daktari alimpima kwa nyuma: nyuzi 40.1, na hapo ni baada ya maji yote yale. Mbwa mzima ni 38 na kitu hadi 39 na kitu kidogo, moto kuliko sisi siku zote; akipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Alimlaza na dripu hadi kesho yake, akaeleza kwamba mbwa anaweza kuinuka, akala, ukafurahi, na figo zikagoma kesho kutwa, au damu ikaacha kuganda. Ndiyo maana hata aliyepata nafuu nyumbani apelekwe. Nikamwuliza asiyewahiwa hufaje. Akanihesabia kwa vidole bila haraka: povu, kutapika, kinyesi chenye damu, degedege, kimya.

Nilikaa kwenye benchi la kliniki ile nikiwa na sketi iliyolowa. Nikamwona Jeki.

Binadamu hutoka jasho mwili mzima. Mbwa ana jasho kidogo tu, kwenye nyayo, na halimsaidii sana. Kazi yote inafanywa na pumzi: anapitisha hewa haraka juu ya ulimi, mdomo na pua zilizolowa, mate yanakauka, na kukauka huko kunabeba joto. Ni kanuni ile ile ya mtungi. Mtungi wa udongo unatoa unyevu kwa nje, unyevu unakauka, maji ya ndani yanabaki baridi. Hewa yetu ya Oktoba ni kavu, na kwa hilo mbwa wa Tabora ana nafuu kuliko wa pwani, ambako hewa imeshajaa maji na kutweta hakuna faida kubwa. Ila mtungi ukiisha maji hauwezi kupoza kitu, na mbwa vivyo hivyo. Mbwa wa kilo 25 anahitaji maji kama lita 1 na nusu kwa siku ya kawaida, na siku ya joto kali anaweza kutaka mara mbili ya hapo. Sufuria moja nyepesi aliyoipindua saa mbili asubuhi ni sawa na hakuna. Na mbwa wa pua fupi, wale wa uso uliobonyea ambao siku hizi naona watu wanawaleta kutoka Dar, njia yao ya hewa ni nyembamba na imejikunja. Hao hata kivulini wanapata shida. Mwenye kumleta Tabora afikirie mara mbili.

Kwa hiyo tulihamisha banda. Hatukuacha kumfungia, kwa sababu nilizosema. Tulilihamishia chini ya mwembe. Tabora hatuna uhaba wa miembe. Njia ya zamani ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipita hapa, na miembe mikubwa ya mji huu watu wanaihusisha na safari zile. Kivuli cha mwembe hakiendi Oktoba kikarudi Machi. Tena jani lenyewe linatoa unyevu, hewa ya chini yake ni ya ubaridi kweli, si jua lililozibwa tu. Nguzo nne za mti, fito, paa la nyasi lenye unene wa shubiri, pande zote wazi kwa wavu. Chini hakuna zege, ni mchanga, unaomwagiwa ndoo moja saa tano. Maji yako kwenye chungu kipana kilichofukiwa nusu ardhini: hakipinduliki, na saa nane mchana ukitumbukiza kidole kuna ubaridi. Chungu ndicho kitu kilichonigharimu kidogo kuliko vyote na ndicho ninachokipenda.

Mengine ni madogo. Kaka anampeleka matembezi kabla ya saa moja asubuhi, na njia ya lami jioni huijaribu kwanza kwa mgongo wa kiganja. Asipoweza kuuacha pale sekunde tano, wanapita vichochoroni kwenye mchanga. Ugali na dagaa anapewa usiku. Kumnyoa, hapana, kuna jirani alimnyoa wake hadi ngozi, mbwa akaungua na jua. Mmchane, manyoya yaliyokufa yatoke, basi. Na mwembe una gharama yake: kuanzia Novemba embe zinadondoka, yeye anapenda, na kokwa ikimezwa nzima inaweza kuziba utumbo. Mama anaziokota kila asubuhi huku akimsema.

Nyasi za paa zililetwa kwa baiskeli. Nilipiga simu kwa namba niliyopewa sokoni, sikuuliza jina. Aliyekuja alikuwa yule wa nyumba ya tatu, mtu mzima sasa, na mvi. Tukasalimiana kwa kidevu. Akashusha mizigo sita, akauliza ni za nini. Nikamwambia za mbwa.

Akacheka kidogo. Akasimama akifuta jasho, akitazama fito. "Yule wenu wa zamani," akasema, "mlikuja kumjua aliyemwua?"

"Tulimjua."

"Nani?"

Mabati yalikuwa yameegemea uzio, rangi ya bluu inabanduka. Nikamwonyesha kwa mkono. Kisha nikamweleza yote, la Juni na la Oktoba, la ukuta wa jiko, la povu na damu, na nikamwomba msamaha kwa niaba ya Baba, nikiwa sijui nishike wapi mikono yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Akaenda akayagonga yale mabati kwa kifundo cha kidole, bati moja baada ya jingine, akiyasikiliza.

"Mnayauza?" akauliza. "Nataka kujenga banda la kuku."

Nikamwambia achukue bure, ila alijenge chini ya mti.